Mwambieni Kabla ya Sindano

Barua ya wazi kwa Waganga Wafawidhi na Wauguzi Wafawidhi wa hospitali za rufaa za mikoa, Tanzania



YAH: MAELEZO KWA MGONJWA ANAYECHUKULIWA KINYAMA CHA TITI



Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya katika kliniki za upasuaji, na nawaandikia kwa ombi moja. Mwanamke mwenye uvimbe kwenye titi akishaandikiwa kuchukuliwa kinyama, yaani biopsi, akalishwe chini na kuelezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka: kipimo hicho ni cha nini, kinafanywaje, kinauma kiasi gani, kinagharimu kiasi gani, majibu yanatoka lini na yatasema nini. Aelezwe kabla ya sindano, na aelezwe na mtu aliyepangiwa kazi hiyo kwenye ratiba ya zamu, si yeyote atakayebahatika kupata nafasi.

Kliniki nyingi leo maelezo yanaishia hapa: "Mama, tutachukua kinyama tukakipime, nenda kalipie dirishani." Mama anapokea karatasi, anatoka. Wapo wanaofika dirishani. Wapo wanaopitiliza hadi getini. Wiki mbili baadaye faili linaandikwa "hakurudi", na kwenye kikao cha asubuhi tunalalamika kwamba wanawake wetu hawana mwamko. Mwanamke aliyepanda basi alfajiri, akakaa foleni hadi saa saba mchana, akavua blauzi mbele ya daktari asiyemjua, mwamko gani tena tunamdai? Alichokikosa ni majibu ya maswali ambayo aliona haya kuyauliza.

Swali zito kuliko yote mnalijua. Sindano ikiugusa uvimbe, si itauamsha? Mtaani wanasema kansa haitaki chuma, ukiichokoza inatambaa. Nawaomba msimcheke mtu anayesema hivyo, wala msimkatishe kwa kumwambia hizo ni imani potofu, kwa sababu anasema alichokiona. Jirani yake alikaa na donge miaka miwili, analima, anauza sokoni, anacheza ngoma kwenye harusi. Akaenda hospitali, akachukuliwa kinyama, na mwaka haukuisha akazikwa. Kijiji kizima kilishuhudia mfuatano huo, na hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba ugonjwa ulishafika kwenye ini na mifupa kabla karatasi ya kipimo haijaandikwa. Tanzania, takriban wagonjwa wanne kati ya watano wa saratani ya titi hugundulika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Wakichelewa hivyo, wengi watakufa mapema, na kumbukumbu ya mwisho ya watu wao itakuwa sindano.

Basi mwambieni mambo jinsi yalivyo, pamoja na yale yasiyopendeza. Ni kweli chembe chache zinaweza kusogea kwenye njia ya sindano. Wanapatholojia wameziona kwa hadubini. Lakini kipimo hiki kimetumika miongo mingi, kwa mamilioni ya wanawake, na haijaonekana kwamba waliopimwa kwa sindano wanaishi muda mfupi kuliko waliopasuliwa bila kupimwa kwanza. Anayekutwa na saratani hafungiwi plasta na kuachwa hivyo hivyo. Anaingia kwenye matibabu, na upasuaji, mionzi na dawa vinashughulika na titi zima pamoja na makwapa. Kinachoipa saratani nafasi ya kutambaa ni miezi inayopita bila mtu kuijua kwa jina. Nimewaona wanawake waliokuja wameshikilia kanga kifuani kwa mikono miwili, wakaambiwa maneno haya polepole bila kukaripiwa, wakauliza mara mbili, mara tatu, kisha wakasema, "Haya, nesi, kachukueni."

Jambo la pili la kumweleza ni kwa nini hatuwezi kuishia kwenye picha. Amelipia ultrasaundi, pengine na mamografia, na anaona hospitali inamzungusha ili aendelee kulipa. Mwelezeni kwamba ultrasaundi inaonyesha kama uvimbe una maji au ni mgumu, na kingo zake zikoje; mamografia inaonyesha vitu ambavyo vidole havigusi. Vyote viwili vinatia shaka au vinapunguza shaka, lakini jina la ugonjwa linatoka kwenye kinyama. Na jina hilo mara nyingi si saratani. Kuna fibroadenoma, ule uvimbe unaoteleza chini ya vidole kwa wasichana. Kuna vifuko vya maji, kuna jipu, kuna mafuta yaliyokufa na kuwa donge baada ya titi kugongwa. Kuna hata kifua kikuu cha titi, ambacho kwa macho kinaweza kufanana kabisa na kansa, na dawa yake ni zile zile za kifua kikuu. Marekani, ambako wanawake wengi hupimwa mapema, takriban kinyama kimoja tu kati ya vitano hukutwa na saratani. Hesabu hiyo msiitumie kumwahidi mama wa Kilosa au Kasulu, maana wengi wetu tunafika tumechelewa. Lakini ajue kwamba kuchukuliwa kinyama hakumaanishi daktari amekwisha kuiona kansa na anaificha.

Kisha mwambieni anafanyiwa kipimo kipi, kwa sababu viko vya aina mbalimbali na wagonjwa wanavichanganya wanaposimuliana kwenye benchi. Kuna sindano nyembamba, ile ya bomba la kawaida, inayofyonza chembe tu. Ni ya haraka na bei nafuu, na inaweza kusema kama kuna chembe za saratani, lakini haionyeshi zimejipangaje wala kama zimeshavunja ukuta wa mfereji wa maziwa. Kuna sindano nene, yenye springi, inayokata vipande vyembamba vyenye urefu wa kama sentimita moja na nusu hadi mbili. Hii ndiyo inayopendekezwa siku hizi kwa uvimbe unaotiliwa shaka, kwa sababu inampa mpatholojia nyama ya kutosha kujibu maswali yote kwa mara moja. Pale ambapo ngozi yenyewe imebadilika, imevimba au ina kidonda, huchukuliwa kipande kidogo cha ngozi. Na kuna kupasua, ambako nitarudi hapo chini.

Kuhusu sindano nene naomba mumsimulie mgonjwa hatua kwa hatua, kwa sababu hapa ndipo hofu inapopungua kweli. Atalala chali, mkono wa upande ule ameuweka juu ya kichwa. Kama uvimbe unaangaliwa kwa ultrasaundi, atapakwa majimaji ya baridi. Ngozi itasafishwa, kisha atachomwa ganzi, na ganzi hiyo ndiyo itakayomuuma: inachoma kwa sekunde chache, halafu pale panakufa ganzi. Daktari atachanja ngozi kidogo, milimita chache tu, na hapo hapo ndipo sindano itakapopita mara zote. Atahisi kusukumwa na kubanwa. Akihisi maumivu makali aseme, ganzi inaongezwa. Kuvumilia hakuna tuzo. Halafu ule mlio. Springi ikifyatuka hutoa sauti kali, kama stepla kubwa ya ofisini, na mwanamke ambaye hakuambiwa anaruka kitandani akidhani kuna kitu kimepasuka ndani yake. Nilifanya kazi na daktari kijana aliyekuwa na desturi ya kuifyatua hewani kwanza, mbele ya mgonjwa, kabla ya kumgusa. "Umesikia, mama? Utaisikia hivyo hivyo, mara nne au tano." Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa, na sindano ilipofyatuka ndani ya titi alitulia tuli. Desturi hiyo haihitaji bajeti, na kila anayeshika ile sindano anaweza kuanza nayo.

Huchukuliwa vipande vitatu, vinne, wakati mwingine sita. Mwambieni idadi mapema, maana asiyeambiwa akifyatuliwa mara ya pili anaamini ya kwanza imekosewa, na ya tatu anaamini daktari ni mwanafunzi. Shughuli yote, pamoja na kuandaliwa, mara nyingi haizidi nusu saa hadi saa moja. Hahitaji kulazwa wala kushinda na njaa. Avae blauzi inayofunguka mbele na sketi, si gauni linalovuliwa kwa kupitia kichwani, na aje na sidiria inayomkaa sawasawa, kwa sababu ikishika titi vizuri baadaye inapunguza uvimbe na maumivu.

Naye pia ana mambo ya kutuambia, nasi lazima tuyaulize. Anatumia aspirini, warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda? Aseme, ila asiziache kwa uamuzi wake, maana kuna moyo au mguu unaozitegemea. Aliwahi kuchomwa ganzi ya meno akapata shida? Akijikata huwa anatoka damu muda mrefu? Ni mjamzito? Mimba haizuii kipimo hiki, na ganzi ya hapo inatumika kwa usalama. Ananyonyesha? Haizuii pia, kuna uwezekano mdogo wa maziwa kuvuja pale kwenye tundu kwa muda, basi. Namtaja anayenyonyesha kwa makusudi. Huyo ndiye anayepewa antibiotiki mzunguko mmoja baada ya mwingine kwa "jipu" lisilopona, na hakuna anayethubutu kuchukua kinyama kwa sababu ni mama mdogo. Hapa kwetu saratani ya titi inawakuta wengi kabla ya umri wa miaka 50. Jipu ambalo halijaisha baada ya dawa na kukamuliwa linastahili kipimo. Na kama amebandika dawa za kienyeji juu ya titi, aulizwe kwa sauti ya kawaida, kama anavyoulizwa juu ya panadol. Akikaripiwa, mwenzake atakayefuata ataficha.

Baada ya sindano, muuguzi anagandamiza pale kwa mkono kama dakika kumi. Mgonjwa atavilia damu, ngozi itabadilika rangi, na hilo si kansa inayosambaa. Mwambieni hilo hasa, maana akifika nyumbani akaona weusi ule usiku ataamini kila alichoambiwa na majirani. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa inasaidia. Parasetamoli inatosha kwa wengi, aspirini aiache isipokuwa kama daktari wake wa moyo amemwandikia. Damu ikitoka na kugoma kukatika baada ya kugandamizwa, titi likivimba haraka, likawa jekundu na la moto, au homa ikipanda, arudi siku hiyo hiyo.

Na kazi nzito aiache kwa siku moja au mbili. Tunasema hivi kwa wepesi kana kwamba mgonjwa wetu anakaa ofisini. Kazi nzito kwake ni ndoo ya lita ishirini kichwani, ni mtoto mgongoni, ni jembe, ni kusonga ugali wa watu kumi. Aliyemsindikiza, awe mume, dada au wifi, aitwe ndani aambiwe mbele yake: ndoo mtambebea ninyi hadi keshokutwa. Nyumbani ushauri wa daktari unafuatwa zaidi ukisikiwa na watu wawili.

Sasa nirudi kwenye kupasua. Katika hospitali zetu ndogo bado mwanamke anaingizwa chumba cha upasuaji "kutolewa kivimbe" kabla ya kipimo chochote cha sindano. Kivimbe kikitokea kuwa saratani, amekatwa pasipo mpango: mshono umepita mahali ambapo daktari bingwa asingeupitisha, kingo hazijulikani kama ni safi, na sasa anahitaji upasuaji wa pili ulio mgumu zaidi. Kikitokea si saratani, huenda asingehitaji kisu kabisa. Mgonjwa ana haki ya kujua swali la kuuliza hapa, nanyi mna wajibu wa kumfundisha: "Je, inawezekana kunipima kwa sindano kwanza?" Ziko sababu halali za kupasua ili kupima, kwa mfano sindano ikishindwa kufika au majibu yake yakitatanisha. Lakini sababu iwepo, na aambiwe.

Na titi lisiondolewe bila majibu mkononi. Marekani walilipitia hili. Desturi yao zamani ilikuwa mgonjwa anasaini karatasi moja, analazwa usingizi, kinyama kinakatwa na kugandishwa kipimwe haraka, na kikionekana ni saratani titi linaondolewa pale pale. Akizinduka anapapasa bandeji ndipo ajue. Mwaka 1974 mwandishi wa habari Rose Kushner aligundua uvimbe kwenye titi lake akakataa utaratibu huo, akatafuta daktari atakayekubali kupima kwanza, amwamshe, wazungumze, kisha ndipo waamue. Mwaka huo huo Betty Ford, mke wa Rais, alifanyiwa yote katika usingizi mmoja. Kushner aliendelea kupiga kelele, akaandika, akabishana na madaktari wa upasuaji kwenye mikutano yao. Mwaka 1979 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliitisha jopo la wataalamu, yeye akiwemo ingawa hakuwa daktari, nalo likapendekeza kipimo na upasuaji viwe hatua mbili tofauti. Mgonjwa mmoja aliyeuliza maswali alichangia kubadilisha utaratibu wa nchi. Wa kwetu hawezi kuuliza asichoambiwa kwamba kipo.

Niseme juu ya kopo la kuwekea kinyama, maana hapa naumia zaidi.

Kinyama kikishatoka mwilini kinaanza kuharibika. Kinatakiwa kiingie kwenye formalini ndani ya saa moja, formalini iwe mara kumi ya ujazo wa nyama, na kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72 kabla ya kushughulikiwa, ikiwa tunataka vipimo vyote viende sawa. Jina, namba ya faili, upande wa titi na tarehe viandikwe ubavuni mwa kopo, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko maabara hubadilishana. Mnayajua haya yote. Lakini nimemwona kijana amekaa benchi la maabara ya hospitali ya kanda, ametoka mkoa mwingine na basi la usiku, amepakata mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na chupa ya jamu, na ndani ya chupa uvimbe wa dada yake ukielea kwenye maji ya chumvi ya dripu. Hospitali iliyompasua haikuwa na formalini siku hiyo, ikaona heri maji ya dripu kuliko kukiacha kikavu. Mtaalamu alipofungua, harufu ilijaa chumba. Kile kipande hakikusomeka, na uvimbe wenyewe ulikuwa umeshatolewa wote, hakukuwa na cha kurudia kupima. Yule dada alibaki na kovu lisilo na jibu.

Wanapatholojia tulio nao ni wachache. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja kwa kila watu laki tano. Kinyama cha Kigoma kitaendelea kusafiri hadi Bugando, cha Sumbawanga hadi Mbeya, cha Lindi hadi Muhimbili, kwa miaka mingine kadhaa. Basi kisafirishwe na hospitali, kwa daftari na saini, kama damu inavyosafirishwa. Na pale ambapo ndugu hana budi kukibeba, aambiwe kilichomo ni nini, kisimwagike, kisikae juani, na lazima kifike lini. Mgonjwa mwenyewe afundishwe kuuliza, "Kipande changu kimewekwa kwenye formalini? Kinakwenda maabara gani?" Daktari mwema hatakasirika.

Majibu nayo yaelezwe kabla hayajatoka. Mgonjwa ajue kwamba akikutwa na saratani, karatasi haitoshi kuandika "saratani" peke yake. Inatakiwa iseme ni aina gani, ina ukali wa daraja gani, na kama chembe zake zina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, na vile vya HER2. Hiyo ndiyo inayoamua dawa. Tamoksifeni ni kidonge cha bei nafuu kinachomezwa nyumbani, na kinamfaa yule mwenye vipokezi vya homoni. Asiye navyo atakimeza miaka bila faida. Trastuzumabu, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015, ni ya mwenye HER2. Anayefika Ocean Road au KCMC bila majibu haya huanza upya, wakati mwingine kwa sindano nyingine, na wiki zinakatika.

Akiambiwa si saratani, ajue pia kwamba habari haijaisha mpaka vitu vitatu vikubaliane: kile vidole vilichogusa, kile picha ilichoonyesha, na kile kinyama kilichosema. Kama uvimbe ni mgumu, umeshika ngozi, picha inatisha, halafu karatasi inasema "hakuna saratani", huenda sindano ilipita pembeni. Kipimo kirudiwe. Wengi wanaitundika karatasi hiyo ndani kama cheti na kurudi baada ya mwaka, kidonda kimefunguka, wakiwa wameikunja vizuri kwenye mfuko wa nailoni watuonyeshe kwamba walipimwa.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani katika mpango wake wa saratani ya titi uliozinduliwa mwaka 2021 linataka uchunguzi wote, kuanzia siku mgonjwa alipofika mara ya kwanza hadi ugonjwa kutajwa, ukamilike ndani ya siku 60. Mpeni tarehe. "Tutakupigia" si tarehe. Na mwambieni kwamba tarehe ikipita kimya asidhani ukimya ni habari njema. Aje aulize.

Majibu ni ya nani? Ni ya kwake. Naandika hili kwa sababu nimeona karatasi ikikabidhiwa mume ukumbini huku mwenyewe amekaa hatua tatu kando, akisoma uso wa mumewe ajue kama atapona. Mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu anatia saini yake mwenyewe ya kukubali kipimo, na anasikia majibu yake kwa masikio yake, na yeyote anayemtaka awepo: mume, mama, shoga yake wa miaka yote. Aulizwe siku ya sindano, "Ukirudi ungependa nani awe nawe?" Waume wengi, nawashuhudia, wakiitwa ndani mapema na kuelezwa wanakuwa nguzo. Wanaokimbia mara nyingi ni wale waliosikia habari nusu nusu barazani. Na tukiwataja wanaume, wao pia wanaugua saratani ya titi, kama mmoja kwa kila wagonjwa mia, na kipimo chao ni hiki hiki.

Imebaki pesa. Mwambieni gharama yote siku ya kwanza: sindano, kopo, maabara, na vile vipimo vya vipokezi. Desturi ya kumlipisha sindano leo, kisha kumwambia wiki ijayo kwamba maabara ni malipo mengine, ndiyo inayoacha makopo yamejipanga kwenye rafu yakisubiri wenyewe wakauze mbuzi. Sera yetu ya uchangiaji inamweka mgonjwa wa saratani miongoni mwa wanaostahili msamaha. Lakini msamaha unahitaji uthibitisho kwamba ana saratani, na uthibitisho unatoka kwenye kipimo alichoshindwa kukilipia. Hapo ninyi mna nguvu kuliko mnavyodhani. Ofisi ya ustawi wa jamii iko ndani ya uzio wenu. Elekezeni kwamba anayetiliwa shaka na daktari apite ustawi wa jamii kabla ya dirisha la malipo, na kinyama chake kiende maabara wakati karatasi zake zikishughulikiwa.

Msisubiri mradi wala wafadhili. Muuguzi mmoja apangwe kila siku ya kliniki ya upasuaji kwa kazi hii tu, na apewe chumba chenye mlango unaofungika. Maelezo yachapwe ukurasa mmoja wa Kiswahili, mgonjwa aondoke nao. Linunuliwe daftari moja la kaunta, lipigwe mistari: jina, simu yake na ya mtu mmoja anayemwamini, tarehe ya kinyama, tarehe kilipotumwa, tarehe majibu yaliporudi, tarehe alipoambiwa. Kila Ijumaa muuguzi huyo apitie safu ya mwisho, na penye nafasi tupu achukue simu ya kituo apige.

Wenu katika huduma,

Muuguzi mstaafu

Nakala:
Waganga Wakuu wa Mikoa
Wizara ya Afya, Dodoma